Chujio Nyuma ya Ukuta

Baba yangu, Harm, alikubali kuhamia nyumba ya wazee kwa sharti moja: tangi lake la samaki liende naye. Chumba chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo Gerdien, msimamizi wa nyumba, akatupatia pembe moja ya ukumbi. Naye alikuwa na sharti lake.

"Mwezi mmoja wa majaribio, Wietske. Wakazi wakilalamika, linaondoka."

Ni tangi la lita mia na themanini, lenye mimea mingi kuliko samaki. Baadhi ya mimea hiyo baba amekuwa akiikata na kuipanda upya tangu nikiwa darasa la pili. Mimi naishi ghorofa ya tatu, sakafu ni ya mbao, haiwezi kubeba uzito ule. Likikataliwa pale, lingeuzwa, na mimea ingegawiwa wenzake wa chama cha wafuga samaki, kila mtu konzi yake.

Chujio la zamani lilikuwa linakoroma, nikanunua jipya, la kimya kuliko yote dukani, lenye pampu yake ndani, la kuwekwa kwenye kabati chini ya tangi. Nililiwasha, nikabandika sikio kwenye mlango wa kabati. Sikusikia kitu. Baba naye akasema hasikii kitu, ila baba hasikii hata kengele ya mlango.

Jumapili ya kwanza wazee walikusanyika kwa ibada ya kwenye televisheni. Mchungaji hajamaliza sala ya kwanza, Bi Boonstra akapaza sauti.

"Kuna nyuki humu!"

"Wewe una mmoja," akasema Bwana Sikkema. "Mimi ninao wawili, kila sikio na wake."

Wengine watatu wakaunga mkono. Gerdien akanitazama. Sisi wawili hatukusikia nyuki yeyote. Ningeweza kusema ni mambo ya uzee, lakini watu watano hawaoti ndoto moja, na wote watano walivaa mashine za kuwasaidia kusikia. Nikamwomba Bi Boonstra aniazime mashine yake ya sikio.

"Chomeka tu, mwanangu. Nimeisafisha." Akafikiri kidogo. "Juzi."

Nikamsikia nyuki. Nilipokwenda dirishani alififia. Nilipoinama penye kabati alinguruma. Chini ya zulia la ukumbi ule kuna waya unaopeleka sauti ya televisheni moja kwa moja kwenye mashine za masikio. Wazee wakibonyeza kitufe cha kuupokea waya huo, mashine hupokea pia mvumo wa umeme wa mota yoyote iliyo karibu. Mimi nilikuwa nimechagua pampu kwa masikio yangu, na masikio yangu hayakuhusika.

"Uza samaki tuwakaange," akasema Sikkema.

"Utakaanga nini? Mkubwa wao ni sawa na ukucha wako," baba akamjibu.

Gerdien alisema kwa upole kwamba malalamiko matano ni mengi. Nikamwomba Jumapili tatu zilizobaki. Akanipa mbili.

Mtu wa dukani alinishauri chujio la sponji linaloendeshwa kwa viputo vya hewa. Pampu yake ndogo ingekaa hata korido. Baba akakataa. Viputo vingefukuza kwenye maji ile hewa ya ukaa ambayo mimea inakula. Nilijua yuko sahihi. Basi pampu ingebaki ya maji, lakini mbali. Nikawasha chujio, nikavaa tena mashine ya Bi Boonstra na kurudi kinyumenyume nikihesabu. Hatua ya tano, nyuki akanyamaza. Nyuma ya ukuta wa tangi kuna stoo ya viti vya magurudumu, na mwisho wa stoo ni hatua sita kutoka kwenye tangi. Nikaomba chujio likae huko, mipira ya maji ipite ukutani.

"Nikitoboa ukuta halafu mkashindwa?" akauliza Gerdien.

"Nitauziba mwenyewe na kuupaka rangi."

Lakini maji yangepita mita nne za mpira kwenda, na nne kurudi. Gerdien akakubali, akasema basi ninunue pampu kubwa kuliko zote, kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi.

"Namba hiyo wameipima bila mpira wala sponji," baba akasema. "Ni kama umri wa Bi Boonstra, ni wa kutajwa tu. Pima, binti yangu."

Chama kikatuazima machujio mawili, na langu la tatu. Nilipimia kule stoo, kwa mpira wa urefu kamili, sponji zikiwa ndani, ndoo ya lita kumi na saa ya mkononi. Langu lilijaza ndoo kwa sekunde themanini na tano. Kwa kasi hiyo maji ya pembe ya nyuma ya tangi yangesimama na kuota mwani. Kubwa kabisa lilijaza kwa thelathini na sita. Nilipoliunga kwenye tangi, mimea ililala kama majani ya shambani siku ya dhoruba. La katikati lilichukua hamsini na tano. Nikarudia mara tatu. Hamsini na nne, hamsini na tano, hamsini na tano. Nikanunua la aina hiyo, na mpira mpana zaidi, usiobana maji, nikaupitisha kwenye tundu la ukutani na kuliweka chujio mwisho wa stoo.

Jumapili ya mwisho Bi Boonstra alibonyeza kitufe chake, akazungusha kiti chake mbele ya tangi, polepole, kushoto kisha kulia. Mchungaji alikuwa anaendelea. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa bila sababu.

"Nyuki?" Gerdien akauliza.

"Hayupo. Namsikia mchungaji tu. Na Sikkema anavyoimba. Huyo huwezi kumhamishia stoo?"

Sikkema akaimba kwa nguvu zaidi. Gerdien alikwenda kwenye ubao wa matangazo, akabandua karatasi iliyotangaza majaribio ya tangi, akaikunja na kuitia mfukoni.

Baba hakuwa amemsubiri. Alikuwa ameshakunja mkono wa shati, na mkono umo majini hadi kwenye kiwiko.

"Huku nyuma mimea imesongamana," akasema, kwa sauti ya mtu asiyejua kwamba anapiga kelele. "Wietske, mkasi."

Ibada ilikuwa bado nusu. Nikaenda kuutafuta.