Kilo Tisa na Robo za Marehemu

Jumatatu moja asubuhi, wiki ya sita tangu mazishi, Mama Chekeche alimaliza sala yake, akajifunga kanga kiunoni, akashika ufagio. Upande wa kitanda aliokuwa akilala mumewe, pale pale marehemu alipozoea kuvua viatu, alikuta kichungu kidogo cha uchafu sakafuni. Kilikuwa cha kujaa kikombe. Alichuchumaa akakikagua. Kulikuwa na mchanga, mbawa za fukusi, vijiguu vya wadudu vilivyokatika, nywele fupi za panya, na vumbi laini la rangi ya majivu lenye ukijani kwa mbali. Katikati ya kichungu palikuwa na mstari ulionyooka, uliochorwa kwa kidole cha mwisho.

Mstari ule aliufahamu. Akasema, "Karibu nyumbani, baba," kisha akaenda kuleta karai.

Kwa miaka thelathini na mmoja mumewe alikuwa mchanganyaji katika kiwanda cha unga, na wenzake walimwita Kipimo. Kiwandani kulikuwa na daftari la viwango, lenye jalada jekundu, lililosema ni mchanga kiasi gani, vipande vingapi vya wadudu na nywele ngapi za panya zinaruhusiwa katika unga anaokula binadamu. Mahindi yaliyooza au kutobolewa hayakutupwa. Yalipelekwa kwa Kipimo. Yeye aliyamwaga sakafuni, akayanusa, akayakata kwa mstari wa kidole chake cha mwisho, akasema, "Hili fungu moja kwa mafungu kumi na mawili mazuri." Wakichanganya hivyo, unga ulipita. Hata siku moja haukukataliwa. Mashine ya kupimia ilinunuliwa mwaka wake wa tisa kazini, na ilichofanya kila siku ni kukubaliana naye.

"Kibaya hakitupwi, mke wangu, kinagawanywa," alikuwa akisema mezani. "Ni kama habari ya msiba. Ukimpa mtu mmoja ataanguka. Uigawe mtaa mzima, utakuta kila mtu anaendelea kupika."

Yeye mwenyewe alikula unga ule ule, kwani kila mfanyakazi alipewa mfuko mwisho wa mwezi. Alikufa macho yakiwa ya njano na tumbo limejaa kama ngoma. Daktari alisema ni ini. Akauliza mzee alikuwa akinywa pombe ya aina gani. Mama Chekeche akajibu kwamba mumewe hakuwahi kuionja pombe tangu azaliwe. Daktari akamsikiliza kwa heshima zote, akaandika pombe. Karatasi ilikuwa na nafasi ya pombe, ya unga haikuwa nayo.

Na huyu mama jina la Chekeche hakulipata bure. Tangu utotoni hajapika kitu bila kukichekecha mara tatu. Mumewe ndiye aliyembandika jina hilo. "Mimi nachanganya mchana kutwa, wewe unakuja kunichambulia jioni," alimtania. "Basi tukionana tumeshindana." Naye alimjibu, "Wewe changanya tu. Nyumba hii inalindwa na Mungu na chekeche."

Kwa hiyo asubuhi ile alifanya alilozoea. Alikichekecha kichungu mara tatu. Uchafu uliobaki juu aliutia katika mfuko safi wa unga. Vumbi lililopita chini lilikuwa laini mno, halina tofauti na unga, na yeye hakuona sababu ya kulihesabu pamoja na uchafu. Akalipeperushia nje ya mlango, upepo ukalichukua. Lililobaki kizingitini sisimizi walilizunguka, wakapita kando.

Siku ya pili kichungu kilikuwapo tena, na ya tatu, na ya nne. Wiki ilipokwisha alikuwa ameshaelewa kwamba kila asubuhi ilikuwa ni mwaka mmoja. Mumewe alikuwa mtu wa mpango, naye alikuwa akirudisha alivyokula kwa utaratibu, kuanzia mwaka alioajiriwa. Miaka mingine ilijitambulisha yenyewe. Ule mwaka ghala lilipovamiwa na panya, nywele zilijaa hadi zikafanana na brashi ya viatu. Ule mwaka mvua ilipogoma kukatika, mbawa zilikuwa chache lakini vumbi la kijani lilikuwa jingi, likapita kwenye chekeche kama maji. Mwaka aliozaliwa binti yao, katikati ya mchanga kulikuwa na jino la panya, jeupe, zima kabisa. Aliliweka kando kwa ukumbusho, kisha akaona si vizuri, akalirudisha.

Binti huyo sasa alikuwa mpakiaji kiwandani hapo hapo. Alikuwa akifunga mifuko ya unga wa uji wa shule. Jioni moja alisimama mlangoni mwa chumba, akautazama mfuko wa mama yake uliokuwa umefika nusu.

"Mama, huu wote baba aliula?"

"Aliula. Tena kidogo kidogo, bila kuharakisha."

"Baba naye! Na alivyokuwa anakataa kula mlenda kwa kuwa eti unateleza."

Wakacheka. Kisha mama akauliza, "Na huo unga mnaofunga wa shule, unatoka fungu gani?"

Binti akavua viatu kwanza. "Wa shule ni wa mwisho wa ghala," akasema. "Wanasema mtoto anakunywa kikombe kimoja tu, kwa hiyo unaweza kuchanganywa kwa mkono mzito kidogo."

Mama Chekeche akatazama upande wa pili wa chumba. Mjukuu wake wa miaka sita alikuwa amekaa kwenye mkeka, akisugua kikombe chake cha bati kwa jivu, kwa sababu mwalimu alikagua vikombe kila Jumatano.

"Asinywe," bibi akasema.

"Mama yangu, uji unagawiwa saa nne, na anarudi hapa saa nane. Asiponywa atakaa na nini tumboni? Nikimfungia chakula, si kinatoka mfuko ule ule?" Binti hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu anayeonyesha mlango ambao ameshausukuma.

Kichungu cha thelathini na moja kilikuwa kidogo kuliko vyote, kwa kuwa mwaka ule mzee hakuwa na hamu ya kula. Asubuhi iliyofuata sakafu ilikuwa safi. Mama Chekeche akaufunga mfuko kwa uzi, akasali akiomba jambo moja tu, unga ule usiende shule, akajitwika mzigo kichwani, akaenda kiwandani.

Mlinzi wa getini alikuwa akimjua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Pole na yaliyokufika. Na huo mzigo?"

"Mume wangu. Yaani alivyokula humu. Nimeleta vipimwe."

Mlinzi akaushika mfuko, akaupandisha na kuushusha kupima uzito kwa mkono. "Mzee Kipimo," akasema. "Haba na haba, mama." Hakuimalizia methali. Akafungua kitabu, akaandika katika safu ya vitu vinavyoingia: marehemu, mfuko mmoja. Akamwomba aweke kidole.

Afisa Ubora alikuwa kijana mwenye kucha safi. Alimpokea kwa adabu, akamvutia kiti, akamwita mama tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuuliza vilitoka wapi. Aliufungua mfuko, akachota kwa kijiko, akaangalia kwenye hadubini, akasema kwamba ndiyo, ni bidhaa ya kiwanda, na mbawa zile ni za ghala la pili. Kisha akauweka mfuko kwenye mizani.

"Kilo tisa na robo," akasema.

"Ndizo hizo zilizomuua."

"Subiri kidogo, mama." Akaliteremsha daftari jekundu, akachukua kikokotoo. Akauliza mzee alikula nusu kilo kwa siku, au zaidi? Mama akasema nusu kilo, hakuwa mlafi. Afisa akabonyeza, akazidisha siku kwa miaka, akarudia mara ya pili ili asimdhulumu mtu. Uso wake ukafunguka.

"Kanuni inaruhusu gramu moja katika nusu kilo. Kwa miaka aliyofanya kazi, mzee aliruhusiwa kilo kumi na moja na ushei. Amekula tisa na robo." Akamgeuzia kikokotoo ajionee. "Hata hakufikia, mama. Ameondoka duniani na nafasi ya kilo mbili."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kuendelea kula."

Mama Chekeche alikitazama kikokotoo kwa muda. Hesabu za shule ya msingi alikuwa bado nazo, na aliona kwamba kijana hakukosea. Lakini aliona na jambo lingine.

"Hizo kilo mbili," akasema polepole, "nilizipeperusha nje. Kulikuwa na vumbi. La kijani kijani hivi. Nilikuwa nachekecha, linapita."

"Ah. Hiyo ni kuvu," afisa akasema. "Kuvu hupita. Chekeche linashika mbawa na nywele, vitu ambavyo, tukisema ukweli, havina shida sana. Inayoharibu ini ni kuvu, na hakuna chekeche la kuishika."

"Mara tatu je?"

"Hata mara mia, mama."

Mama Chekeche akaitazama mikono yake. Alikuwa akiziona jioni zote za ndoa yake, chekeche likicheza mikononi, mumewe akimtania, unga mweupe ukishuka kwenye ungo, safi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Basi nikirudi nikalikusanya nje, nikalileta, mtaandika kwamba ilizidi?"

"Hapana," afisa akasema kwa upole. "Kuvu ina daftari lake, la kijani. Na lile linapima mfuko mmoja mmoja, halipimi mtu."

"Basi nisikilize, mwanangu. Sikuja kudai marehemu. Marehemu yuko kwa Mungu, huko hesabu zake ziko sawa. Nimekuja kwa sababu ya uji wa shule. Muuache."

Afisa akafungua daftari la kijani, akatafuta ukurasa, akaweka kidole. "Kikombe ni kidogo, mama. Kwa kikombe hakuna tatizo."

"Na vikombe vya mwaka?"

"Kanuni haihesabu mwaka. Inahesabu kikombe."

Nje mashine zilikuwa zikinguruma, na kikombe cha chai cha afisa kilikuwa kikitetemeka juu ya meza, bila kumwagika. Afisa akalifunga daftari, akainuka, akaushika ule mfuko shingoni.

"Huu tuachie, usijisumbue kuubeba. Ni mali ya kiwanda."

"Mtaufanyia nini?"

Alishangazwa kidogo na swali hilo, na hilo ndilo jambo pekee lililomshangaza siku ile. "Tutauchanganya," akasema. "Kwenye tani kumi za unga hauonekani. Mchanganyaji mpya ana mkono mzuri, alifundishwa na mzee mwenyewe."

Mama Chekeche alisimama. Akaushika mfuko upande wake, afisa akiwa bado ameushika upande wa pili, wakatazamana hivyo juu ya meza. Yeye ndiye aliyekuwa amezoea kubeba mizigo. Kijana akaachia.

Getini mlinzi akaandika katika safu ya vitu vinavyotoka: marehemu, mfuko mmoja. Akampima kwa macho, akamsaidia kujitwika, akasema, "Wamesemaje?"

"Wanasema alibakiza."

"Mzee alikuwa mtu wa kiasi," mlinzi akasema, akamfungulia geti.

Nyumbani aliuweka mfuko chini ya kitanda, upande ule ule. Chekeche alilitundika msumarini nyuma ya mlango, na usiku huo alipika bila kulishusha. Chakula kilikuwa na ladha ile ile. Binti aliona, akala.

Wiki mbili zilipita. Ilikuwa Jumatano, mtoto akiwa ameshavaa sare ya shule, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Bibi," akaita, "kitanda changu nacho kimetoa."

Bibi akaenda kuangalia. Sakafuni, mahali mtoto alipopangia viatu vyake, palikuwa na vumbi la kiasi cha kuchukua kwa vidole viwili. Hapakuwa na bawa, wala unywele, wala mchanga. Lilikuwa laini, la majivu, lenye ukijani. Lilikuwa limepigwa mstari katikati, ulionyooka, na ukubwa wa kidole haukuwa wa mtoto.

"Babu ndiye aliyechora?" mtoto akauliza.

"Ndiye. Anakugawia."

"Ananigawia nini?"

Bibi alikuwa ameshapiga magoti. Alitafuta kopo la mafuta ya mgando lililokwisha, akalifuta kwa pindo la kanga, akalifagilia lile vumbi ndani kwa unyoya wa kuku, taratibu, asipoteze hata punje, wala hakulichekecha. Akafunga kifuniko, akaandika juu yake kwa kalamu ya mtoto: *mwaka wa kwanza*. Akaliweka chini ya kitanda chake mwenyewe, kando ya mfuko wa marehemu, mahali ambapo palikuwa na nafasi ya kutosha.

Kisha akamfunga mtoto kamba za viatu, akamkagulia kikombe. Kilikuwa kinang'aa, ungeweza kujitazama ndani yake. Mtoto akakitia kwenye mkoba, akaenda shule, akikimbia kidogo ili asichelewe uji.