Neno la Kifungu cha Tisa

Kiwandani walimwita Mama Nukta, kwa sababu karatasi haikupita mezani kwake ikatoka na nukta pasipo pake. Kazi yake ilikuwa kufasiri: barua za wenye kiwanda, maelezo ya mashine, na sasa kanuni mpya za wafanyakazi, kurasa thelathini za Kiingereza kitupu.

Jumatano asubuhi msimamizi wa chumba cha kukatia vitambaa akaingia bila kubisha. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na kwa kawaida hawakosi kutaniana. Siku hiyo utani aliuacha mlangoni.

"Shemeji, kifungu cha tisa kimekwisha? Saa nane tunamkalisha kikao mkataji wangu mmoja. Kaharibu kola mia mbili za sare za shule kwa ile mashine mpya ya kukatia."

"Kimekwisha."

Akaisoma karatasi amesimama, akakunja uso. "Hatua za mafunzo? Andika adhabu. Discipline ni adhabu, hata mtoto wa chekechea anajua."

Mama Nukta akavua miwani, akaifuta taratibu. "Adhabu Waingereza wana neno lake, punishment. Hilo mizizi yake ni malipo: umekosa, lipa. Hili la kifungu cha tisa limetoka Kilatini, ukoo mmoja na neno la mwanafunzi."

"Kilatini hakikati vitambaa."

"Hakikati. Na maneno hubadilika, shemeji. Siku hizi hilo hilo linabeba hata fimbo. Ndiyo maana sikutazama asili peke yake, nimesoma na jirani zake. Sikiliza: aliyekosea kwa kutojua ataelekezwa kabla ya hatua nyingine yoyote. Na hapa chini kuna correct, ambalo asili yake ni kunyoosha."

"Hapo sawa. Huyu nataka anyooshwe."

"Kitambaa hunyooshwa kwa pasi, si kwa mkasi."

Shemeji akataka kucheka, akajizuia, akaondoka na karatasi yake.

Saa nane wakakaa wanne: meneja, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, msimamizi, Mama Nukta wa kufasiri, na mkataji, mwanamke aliyeshika mkasi miaka kumi na mmoja bila kuharibu hata mfuko wa shati. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani kama si yake.

Msimamizi akaeleza kosa, akamaliza kwa kusema anastahili adhabu. Mama Nukta akafasiri kila neno, hakuongeza wala kupunguza. Kisha akamsomea mkataji kifungu cha tisa kwa Kiswahili, polepole, na meneja akafuatisha kwa kidole kwenye nakala yake ya Kiingereza. Kidole kikasimama penye aliyekosea kwa kutojua.

"Anauliza," Mama Nukta akasema, "nani alikufundisha mashine mpya?"

"Nilipewa ufunguo," mkataji akajibu. "Nikaambiwa nitaizoea."

Mama Nukta alijua ufunguo ule ulitoka mkononi mwa nani, na alijua pia kwamba si kazi ya mfasiri kusema asichosema mtu. Akangoja, moyo wake umetulia. Shemeji yake alikuwa mbishi, lakini mwongo hakuwa.

Msimamizi akakohoa. "Mimi ndiye niliyempa. Na mimi sikufundishwa. Niliona aibu kuuliza."

Mama Nukta akafasiri na hilo, kwa sauti ile ile.

Meneja akaamua papo hapo: fundi wa mashine aitwe, wote wawili wafundishwe wiki nzima, na kola zilizoharibika zikatwe upya ziwe ndogo, ziwafae watoto wa darasa la kwanza.

Jumatatu Mama Nukta alipita chumba cha kukatia na barua mkononi. Mkataji alikwisha kuielewa mashine; alikuwa amesimama nyuma ya bosi wake, mikono kiunoni.

"Inua kisu kwanza, ndipo usogeze kitambaa," akamwambia. "Tena."

Shemeji akainua kisu. Safari hii kitambaa hakikukunjamana.