Laana ya Dada

Tangu Jumatatu jiko la biogesi lilikuwa linakohoa tu, na Fuatino hakuacha kunung'unika. Kesho mchungaji angekula kwao. Mumewe, Iakopo, akachoka kusikia, akaenda nyuma ya banda la nguruwe kufungua kifuniko cha tangi la samadi.

"Matope yamejaa chini. Naingia mara moja, natoka."

"Fundi alisema asiingie mtu!"

"Fundi hana mke kama wewe."

Fuatino akamfunga kiunoni kamba ya nguruwe, akaikaza.

"Ndiyo nimekuwa nguruwe sasa?"

"Nguruwe ana akili. Haingii humo."

Akashuka ngazi akicheka. Ndoo ya kwanza ikapanda. Ya pili haikupanda.

"Iakopo?"

Fuatino alichungulia. Mumewe alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kimemwangukia kifuani. Akavuta kamba, ilikuwa imenasa kwenye bomba. Akapiga yowe.

Alipokwisha kupiga ndipo akaogopa zaidi. Yowe lile lingemleta Pelenato, kaka yake, na Pelenato hajawahi kumsikia dada yake akilia akakaa kitako. Huyo, anakuja mbio, shati anavua njiani.

"Sogea, dada!"

"Usishuke! Kuna gesi!"

"Nabana pumzi. Nainasua kamba tu."

Mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Angevuta pumzi moja tu mle ndani, wangelala wawili. Fuatino hakuwa na nguvu za kumzuia. Alichokuwa nacho ni ulimi.

"Ukishuka nakulaani, Pelenato! Wewe na watoto wako!"

Mguu ukaganda. Kwao laana ya dada si mchezo, humwandama kaka na kizazi chake, na hakuna kaka asiyelijua hilo. Jitu zima likaanza kulia.

"Mumeo anakufa, dada!"

"Naona! Vuta!"

Wakavuta. Wakalegeza, wakazunguka upande wa pili, wakavuta tena. Kila pumzi aliyovuta Fuatino aliona kama anamwibia mumewe. Mara kamba ikachomoka. Walimtoa akiwa na rangi ya majivu, na Pelenato akampulizia mdomoni mpaka akakohoa.

Jioni walikaa wawili kwenye benchi la zahanati. Ndani, Iakopo alikuwa anaomba maji.

"Ungenilaani kweli, dada?"

"Ningekulaani."

"Na kama angefia mle?"



"Ningezika mmoja, si wawili," alisema Fuatino, akainuka kumpelekea mumewe maji.