Sketi ya Rangi ya Matofali

Hapakuwa na shule Bujumbura ambayo fundi Sijaona hakuijua kwa kitambaa chake. Miaka kumi na minane alishona sare pale mtaa wa Bwiza. Mtoto akipita mlangoni, aliitaja shule yake kabla hajamtazama usoni. Kwa hiyo mama Orlane alipoleta sketi ya bintiye, nzito, ya rangi ya matofali, imechanika mfukoni, Sijaona aliigeuza mara tatu.

"Hii ni ya ekole gani?"

"Ka-ekole kadogo kule Kinanira. Hakana hata kibao."

Shule asiyoijua! Tangu binti yake Lubna akose nafasi ya sekondari ya serikali, Sijaona alikuwa amebisha hodi kwenye shule nne za binafsi, zote zimejaa. Ilibaki wiki moja masomo yaanze. Mtoto akikaa nyumbani mwaka mzima, katika vita hivi vya wenyewe kwa wenyewe, nani angemrudisha darasani? Aliuziba mfuko chapuchapu, akafunga cherehani saa nne asubuhi, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona, akamshika Lubna mkono wakaondoka.

Shule yenyewe ilikuwa nyumba ya mtu, darasa moja sebuleni, jingine kwenye gereji. Madamu Daphrose, mwenye shule, alimpa Lubna kitabu cha Kifaransa asome, kisha akampa hesabu tatu, kisha akatabasamu. Sijaona nusura apige vigelegele.

"Mutoto anajua," Daphrose alisema. "Lakini siwezi kumupokea. Sina kitambaa."

"Kitambaa?"

"Njiani kuko bariyeri, wenye bunduki wanasimamisha kila mutu. Basoda wanajua watoto yangu kwa ile rangi, wanawaacha wapite. Bila iniforme wanamurudisha. Na tangu nchi za jirani zitufungie mipaka, kitambaa haiingie. Tulikata marido ya madirisha tukashona iniforme, mama. Imeisha."

Sijaona aliinua macho. Madirisha yote yalikuwa matupu, hayana pazia, isipokuwa lile la nyuma ya meza ya Daphrose, lenye pazia zito la rangi ya matofali.

"Ile moja inatoa sketi," alisema, furaha imemtangulia akili. "Na mifuko juu."

Daphrose hakugeuka. "Ile bwana yangu ndiye aliitundika. Kesho yake wakamuua."

Sijaona aliona aibu mpaka masikioni. Alimwita Lubna waende, lakini Lubna hakusikia. Alikuwa amefungua ukurasa wa pili bila kuambiwa, anasoma kwa kunong'ona, kidole kikifuata mistari. Daphrose alimsikiliza. Ukurasa ukaisha, mtoto akafungua wa tatu.

Daphrose akapanda juu ya kiti. Alichomoa pazia pete moja baada ya nyingine, akalikunja kwa utaratibu, akamwekea Sijaona mikononi. Jua likamwagika juu ya meza.

"Mupime sasa hivi," alisema. "Na uache pindo kubwa. Atakaa hapa miaka mingi, atarefuka."