Jina la Aliyepiga Msasa

Kwetu Tabaka wanaume huchonga mawe, wanawake huyapiga msasa. Kaka yangu Mogire huandika jina lake chini ya kila kinyago. Mimi niliyekisugua hadi kikang'aa sijawahi kuandikwa popote, na sikufichi, jambo hilo liliniuma miaka mingi.

Niliolewa Ekerenyo na Machogu, mwenye gari la Kijapani la kubeba abiria. Mwaka wa 1998 taa zake za plastiki ziliingia ukungu wa manjano, na mkaguzi wa magari kule Kisii akampa hadi Ijumaa. Bila cheti gari lingelala nyumbani, nasi tungelala njaa. Fundi wa Ikonge alisema taa za namna hiyo haziponi, labda anunue mpya Nairobi.

Nilimwambia Machogu aniachie mimi. Alicheka, akaenda zake mjini kutafuta taa kuukuu.

Nikatoa msasa niliotoka nao kwetu na ndoo ya maji, nikabandika karatasi kuzunguka taa ili rangi isichubuke. Machogu aliporudi nilikuwa nimemaliza msasa wa kwanza, ule mkali, na taa zilikuwa nyeupe kama maziwa lala. Alishika kichwa. Aliniuliza kama nimeamua kuua riziki ya watoto kwa mikono yangu.

"Baba Purity, hata jiwe huwa baya kwanza," nilimjibu. "Leta maji mengine."

Akafyata mkia, akaleta. Nikaingia msasa laini, kisha laini zaidi, kila mara kwa maji, halafu dawa ya meno kwa kitambaa, mwisho nta tunayopaka vinyago. Alasiri balbu ilionekana ndani waziwazi. Chanda chema huvikwa pete, lakini vyangu siku hiyo vilikuwa vimechubuka ngozi.

Ijumaa mkaguzi aliinama, akagonga taa kwa ukucha, akauliza mpya hizi zimenunuliwa wapi. Nilikuwa nimeketi garini. Namjua mume wangu, kila kitu husema katengeneza yeye. Safari hii alikohoa kwanza.

"Si mpya. Amezisugua mke wangu. Anaitwa Nyanchama, wa Tabaka."

Miaka tisa mimi ni Mama Purity tu; sikujua kama bado analikumbuka jina langu. Mkaguzi akatia sahihi. Nami nikashuka garini, anione vizuri.