Kubulonza

Kaka yangu Bulonza alikufa Jumanne moja ya majira ya mvua, pikipiki yake ilipoteleza kwenye mteremko wa Kadutu. Kazi yake ilikuwa taksi-moto. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja jina lake mbele ya Mama. Waliokuja kwenye kilio walisema "marehemu", hata wale waliombeba mgongoni akiwa mtoto. Mama aliketi kwenye mkeka, na kila sahani tuliyomwekea ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Tukaanza kuogopa kwamba tutamzika na yeye.

Baada ya maziko tulikuwa uani tunakula wali na maharagi. Yannick, mtoto wa jirani, alikuwa amejipaka mchuzi hadi kwenye nyusi. Mama yake akamwambia, "We Yannick, usibulo..." Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Malizia," Mama alisema.

"Unisamehe, maman. Imeniponyoka."

"Nimesema umalizie neno."

"Usibulonze," Maman Yannick alisema kwa sauti ya chini.

Shangazi Colombe, aliyekuwa ametoka Nyangezi, akauliza, "Kubulonza ni kitu gani?"

Watu walitazama sahani zao. Katika mtaa wetu kubulonza ni kula hadi chakula kinaenea kwenye nguo, chini, na kwa aliye karibu nawe. Mwishowe alijibu Fikiri, aliyekuwa akingoja abiria pamoja na kaka kwenye kituo kimoja.

"Bulonza hakuwa anashuka kwenye pikipiki juu ya kula. Bugali mukono huu, guidon ya kuongozea mukono huu, majani ya sombe na mafuta ya mawese inadondoka kwenye kiti. Siku moja akabeba mwalimu mwenye suruali nyeupe. Mwalimu kushuka, nyuma yote iko njano. Watoto wakaanza kelele: amebulonzwa, amebulonzwa. Mwalimu akauliza, 'Na hii?' Bulonza akamujibu, 'Mwalimu, hiyo hailipiwi.'"

Watu walijizuia kucheka. Kulikuwa na kilio.

"Hiyo suruali nilifua mimi," Mama alisema. "Bulonza aliniletea, eti nimufichie haya. Mawese haitoki hivi hivi. Nilisugua na ndimu mpaka vidole vikauma. Yeye alisimama pale mulangoni, anakula muhindi, punje zote chini."

Ndipo tulipocheka. Shangazi Colombe alicheka kutuzidi, kisha akalia. Mama alivuta sahani ya Yannick na kula kilichobaki, polepole, hadi ikaisha.

Sasa Yannick yuko shule ya msingi. Ana mdogo wake wa kike, aliyezaliwa baada ya kilio. Akimwaga sombe, mama yake humwambia asibulonze, na husema kwa sauti ya kawaida, hata Mama akiwa amekaa hapo. Huyo mtoto bado hajui kwamba neno hilo lilikuwa jina la mtu.