Barabara ya Kusini

Kwetu Bishkek mtu hapewi habari ya kifo kwa simu. Aliye mbali huambiwa uongo mdogo, njoo, fulani anaumwa, na akifika huketishwa katikati ya wazee, mkubwa wao ndiye humtamkia. Ni desturi nzuri kwa wanaosubiri nyumbani. Anayetumwa uwanja wa ndege ndiye anayekiona cha mtema kuni.

Nilitumwa mimi, Jolchu, kwa sababu nina gari na, eti, sina machozi ya karibu. Meerim, mtoto wa dada yangu, alitua kutoka Istanbul asubuhi akanirukia shingoni. Baba yake, Kubat, alikuwa amelazwa tangu jana katika hema la sufu uani kwake, uso umefunikwa.

"Mjomba, umenenepa! Mkaza mjomba anakulisha hamira?"

"Na wewe umekonda kama uzi. Ingia garini."

Kabla sijawasha gari, dada alinipigia. Mzee Asanaly, ambaye ndiye wa kumwambia, alikuwa bado njiani kutoka milimani. "Mzungushe kidogo," dada akasema, akakata simu. Mzungushe! Kama vile mtoto ni mzigo wa viazi.

Basi sikupita mjini. Nilishika Barabara ya Kusini, ile inayouzunguka mji kwenye miguu ya milima. Mkono mmoja mji wote umelala bondeni, mkono wa pili vilele vyenye theluji, na huku chini ya vilima maua mekundu ya Mei yametapakaa kila mahali. Niliichukia barabara hiyo siku ile kwa uzuri wake.

"Mbona huku?"

"Mjini foleni."

"Afadhali! Miaka miwili sijaiona milima hii." Akashusha kioo, akatoa mkono nje, akaanza kuimba.

Miaka miwili hiyo hakuwa amezungumza na baba yake. Aliolewa na Mturuki bila ridhaa ya baba, na Kubat akamwambia asithubutu kumpigia simu tena. Sasa kaka yake Meerim alikuwa amempigia: "Baba anaumwa kidogo, anakuita." Hilo la kuitwa, kaka mtu alilitia mwenyewe, ili dada yake asichelewe.

"Aliniita kwa jina, mjomba?"

"Ndivyo alivyosema kaka yako."

"Na ujeuri wake wote ule! Mpaka afungue kinywa aseme, Meerim aje!" Alicheka peke yake, akajifuta macho, akacheka tena. "Basi yamekwisha. Mtu akikuita, si amekusamehe?"

Nikasema, "Funga mkanda."

Pale wanawake wanapouza maziwa ya farasi kando ya barabara alinishika bega. Lazima tusimame, baba anayapenda. Ningemkataliaje? Alinunua chupa moja ya baba, akanywa bakuli lake palepale amesimama, akanigeukia ana masharubu meupe. "Nimefanana naye?" Alifanana naye mno. Nilijifanya nakagua tairi.

Barabara ilipokwisha niligeuza gari.

"Mjomba, si tumetoka huku?"

"Nimepitiliza."

"Uzee huo! Nikuendeshee?" Akatoa simu. "Ngoja nimpigie, asije akajitia amelala nikifika."

"Mwache apumzike."

"Ameniita mwenyewe, halafu nimwache?"

Mbele yangu kulikuwa na lori, mikono yote miwili iko kwenye usukani. Nilichelewa kumzuia. Simu ya Kubat ilipokelewa na dada yake.

"Shangazi? Mpe baba."

"Baba yako kalala, mwanangu."

Katika maneno hayo hapakuwa na kosa. Lakini nyuma yake wanawake walikuwa hemani wakiimba wimbo wa kilio, na hakuna mtoto wa kwetu asiyeujua. Hata mimi niliusikia.

Meerim aliteremsha simu polepole. "Simamisha gari."

Nilisimama pembeni. Malori yalitupita.

"Lini?"

"Jana alfajiri."

"Uliniacha nicheke," akasema. "Nimeimba, mjomba. Umekaa hapo unanisikiliza ninavyoimba."

"Niliambiwa nisiseme."

"Na kule kuniita?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimechoka kudanganya, na pengine hasira zangu kwa wale waliokaa nyumbani ndizo zilizosema. "Alianguka akifunga kamba za viatu. Hakuwahi kumwita mtu yeyote."

"Kwa hiyo hakuniita."

"Hakukuita."

Aliinama, akalia paji likiwa juu ya magoti. Nami nililia, mimi nisiye na machozi ya karibu, mpaka sikuona barabara.

Nyumbani wanaume walikuwa wamejipanga langoni, wamejifunga viuno, wanaegemea fimbo kwa desturi ya msiba. Mzee Asanaly alikuwa amefika. Alimketisha Meerim kati ya wazee, akamshika mikono miwili, nami sikuwa na moyo wa kumnong'oneza mzee kwamba mtoto anajua. Alisema vizuri, taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno njia nzima ya milimani. Mwishoni akasema, "Binti yangu, baba yako alikuwa akilitaja jina lako mpaka pumzi ya mwisho."

Meerim aligeuza shingo akanitazama. Sikuweza kuinua macho.

"Ahsante, babu," akasema, akainuka kuingia hemani.